Mkwawa, Merere na swali la nani staringi

Basi lilisimama Makambako na baridi yake, wauza mahindi ya kuchoma wakagonga madirisha. Kijana aliyepandia Iringa alikuwa anamhadithia mwenzake ziara yake ya makumbusho ya Kalenga: fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kwenye kioo, mikuki, na jinsi Wajerumani walivyochakazwa Lugalo. Akahitimisha: "Tatizo lilikuwa wasaliti tu. Akina Merere."

Nyuma yake alikaa mama wa makamo, Msangu kama huyo mtawala Merere, anakwenda Rujewa. Akaendelea kupukuchua hindi lake, punje moja moja, kisha akasema taratibu: "Mwanangu, huyo msaliti wako ni babu yetu sisi. Na Mkwawa naye alitufanyia nini, hukuambiwa?" Abiria wakaangua kicheko. Kijana hakucheka.

Wengi wetu tumekulia mabanda ya video, ambako dakika ya tano tayari unajua staringi nani na adui nani, na ukishajua hivyo huhangaiki tena. Staringi akichoma kijiji, basi kijiji kilistahili. Historia ya Nyanda za Juu Kusini tumeibeba kwa mtindo huohuo, na mimi simo nje ya lawama hiyo.

Yasiyobishaniwa ni haya. Tarehe 17 Agosti 1891, Mkwawa alikivizia kikosi cha kamanda wa Kijerumani, Emil von Zelewski, pale Lugalo, kikosi ambacho njiani kilikuwa kikichoma vijiji. Zelewski akauawa pamoja na karibu askari na wapagazi wake 300. Wajerumani walirudi mwaka 1894 na mizinga, wakaiteka Kalenga, ngome ya Mkwawa, tarehe 30 Oktoba. Mkwawa akapigana vita vya msituni hadi Julai 1898, alipojiua ili asikamatwe. Kichwa chake kilikuwa kimewekewa zawadi ya rupia 5,000, na maiti ikakatwa kichwa kweli. Fuvu lilidaiwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, likarudishwa Kalenga mwaka 1954.

Sasa hamia upande wa Usangu. Kulikuwa na wakati Wasangu ndio waliokuwa tishio, wakiivamia Uhehe. Chini ya Munyigumba, baba yake Mkwawa, kibao kikageuka, na ukoo wa Merere ukaikimbia ngome yake ya Utengule na kuhamia upande wa Usafwa, jirani na ilipo Mbeya leo. Kwa hiyo Mjerumani alipotokea na bunduki zake, Merere hakumwona mkoloni. Alimwona mtu mwenye ugomvi na jirani aliyemfukuza kwao. Akaungana naye, na Mkwawa alipovunjwa nguvu, Wasangu wakarudi Utengule.

Alisaliti nini hasa? Tanganyika haikuwepo. Hata jina lenyewe la nchi limekuja baada ya vita kuu ya kwanza. Kumshtaki mtu wa miaka ya 1890 kwa kuisaliti nchi ambayo haijazaliwa ni kama kumdai mtu kodi ya nyumba ambayo haijajengwa.

Nina rafiki anayefundisha historia Mafinga, na hoja hii inampandisha hasira. Anasema ukianza na "kila mtu alikuwa na sababu zake", kesho Mjerumani naye atakuja na sababu zake: alikomesha vita vya makabila, alijenga barabara, alileta shule. Mwishowe aliyechoma na aliyechomewa wanakaa benchi moja. Watoto wa darasa la tano, anasema, wajue kwanza nani aliingia nyumba ya nani, mengine watayakuta mbele ya safari.

Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Nimesikia mzungumzaji msomi kabisa akisema ukoloni "ulikuwa na pande mbili", kisha upande wa pili akautumia dakika arobaini nzima. Na Merere hakuwa mtoto. Alijua mizinga ile inafanya nini. Kuielewa sababu yake hakumtoi hatiani kwa kila kilichofuata.

Ila rafiki yangu huyo mwalimu anakwama mwaka 1905. Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani vilipofika Ubena, Wabena waliishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe. Wahehe wengi, miaka saba tu baada ya kifo cha Mkwawa, hawakujiunga, na baadhi yao walikwenda vitani upande wa Mjerumani. Kama Merere ni msaliti, hawa tuwaiteje? Nilipomuuliza alinyamaza kidogo, kisha akasema Wahehe walikuwa wamechoka. Sawa. Mbona Wasangu uchovu huo hatuwahesabii?

Ukihukumu kabila au jina, utabadilisha wasaliti kila baada ya miaka kumi. Ukihukumu tendo, kuchoma kijiji cha watu ni uovu, achome Zelewski, achome Mhehe, achome Msangu. Mjerumani haponi kwa kipimo hiki. Anaelemewa zaidi, kwa sababu wengine walikuwa wakigombana kama majirani, leo huyu juu kesho yule, naye alikuja kuwaweka wote chini yake. Mkwawa naye, sioni akipungua. Miaka saba ya kukataa kupiga magoti inabaki ni miaka saba.

Wapo wasioingia kwenye kipimo chochote. Mdogo wake Mkwawa, Mpangile, alikubali kutawazwa na Wajerumani mwishoni mwa 1896. Pengine alitamani kiti, pengine alitaka watu wake waache kufa njaa porini. Kufikia Februari 1897 Wajerumani haohao walikwisha kumuua, wakidai anamsaidia kaka yake kwa siri. Kwa hiyo ama alikuwa kibaraka aliyetupwa, ama alikuwa jasusi wa Mkwawa ndani ya boma la adui. Na wapagazi wa Lugalo, waliokufa na mizigo ya watu kichwani? Hao hata kwenye ubishi wa basi hawakutajwa.

Igawa mama akateremka na ndoo yake ya viazi. Kijana, labda kwa aibu, ndiye aliyempokezea dirishani.

"Siku ukipata nafasi uje Utengule, mwanangu, nikuonyeshe palipokuwa na boma."

"Boma la nani, mama?"

"Inategemea unauliza la mwaka gani."

Konda akagonga bodi, tukaondoka.