Tausi kupukutika manyoya sio ugonjwa

Kuna makala ya tausi iliyosema dume akianza kupukutisha manyoya marefu ya mkia ujue anaumwa, hapana jamani. Kila mwaka msimu wa kupandana ukiisha anayaangusha yote halafu yanaota upya, na ule mkia kamili wenye macho macho haupati mpaka afikishe kama miaka 3 hivi, so ukinunua wa mwaka mmoja usimlaumu muuzaji. Kinachowamaliza ni kuwachanganya na kuku!! Kuku anabeba vimelea vya ugonjwa wa kichwa cheusi yeye mwenyewe haumwi sana, ila kifaranga cha tausi kinajikunyata, mbawa zinalegea, kinyesi kinakuwa njano iliyokolea, kinakufa. Mayai yanaatamiwa kama siku 28 tu mpaka yaanguliwe. Na tausi weupe sio zeruzeru, waangalieni macho yana rangi yake.