Baozi ya mbaazi: nyama ya kuigiza ya nini?

Baozi ni mikate ya Kichina inayojazwa vitu ndani na kuivishwa kwa mvuke. Mapishi mengi ya zile zisizo na nyama yanayozunguka kwenye simu zetu huanza kwa kukutuma dukani, na duka lenyewe hapa Tanga hulipati. Tofu. Uyoga mkavu wa shiitake. Siki ya mchele. Halafu pakiti ya "nyama" ya mimea iliyogandishwa, inayotakiwa ifanane na nguruwe, kana kwamba huyo nguruwe mtu wa Makorora alikuwa akimkosa. Msomaji akifika hapo anafunga simu, anarudi kwenye chapati zake. Simlaumu.

Mimi nasema baozi isiyo na nyama, maziwa, yai wala samli ni rahisi kwetu kuliko kwa hao wanaotufundisha, kwa sababu nusu ya kazi tunaifanya kila asubuhi. Chukua mbaazi za nazi na maandazi. Kwenye mbaazi mna tui, kitunguu, bizari, chumvi na pilipili. Kwenye andazi la tui mna unga, hamira, sukari, iliki na mafuta ya kukaangia. Mnyama yuko wapi? Watu wa pwani tumefungua kinywa hivyo tangu enzi za mabibi zetu bila kujipa jina lolote, na mchana tukashuka Deep Sea kununua samaki. Baozi ya mbaazi ni chai ileile ya asubuhi, ila mbaazi zimehamia ndani ya mkate na mafuta ya kukaangia yamebaki kwenye chupa.

Niseme mapema kwamba samaki nakula, na kuku wa Idi sijawahi kumkataa. Sihubiri. Ila nyumba zetu hupokea watu wa kila namna: Wasabato ambao baadhi yao nyama hawagusi, majirani wa Kihindi wasiokula chenye damu, Wakristo walio kwenye Kwaresima, vijana walioamua tu, na wazee wa presha walioambiwa wapunguze vya kukaanga. Mgeni wa aina hiyo tunampa nini? Mara nyingi anatengewa wali na kachumbari, na pole nyingi juu yake.

Wachina wenyewe hawakuona taabu. Watawa wa Kibuddha huko wanapika bila nyama kwa karne nyingi, na baozi ya mboga ni chakula cha kawaida cha barabarani: kabichi au mboga nyingine ya majani, uyoga, tofu, pengine tambi. Ipo tamu ya maharage yaliyopondwa, na upo mkate mtupu usio na kitu ndani, wanaouita mantou. Ni kweli pia kwamba kuigiza nyama kwa ngano na soya ni ufundi wa hukohuko kwenye mahekalu, na mabingwa wake wanaumudu. Lakini baozi ya mboga ya kila siku haimdanganyi mtu. Ukiing'ata unakutana na kabichi, na kabichi haijifanyi kitu kingine.

Huku kwetu nyama ya kuigiza iliyo karibu ni soya ile kavu ya pakiti. Jirani yangu ni mtetezi wake mkubwa.

"Shoga, tia soya, watoto hawatajua."

"Hawatajua nini?"

"Kwamba si nyama."

"Na wakijua?"

Akacheka, hakujibu. Soya ina protini, hilo sikatai, na kwenye mchuzi mzito inakaa vizuri. Ndani ya baozi ladha yake ni ya sifongo iliyokunywa mchuzi wa mtu mwingine. Halafu mtoto akiambiwa ni nyama ataitafuta nyama, na asipoiona atasema chakula kibaya. Mwambie ni mbaazi, atakula mbaazi.

Mbaazi zenyewe zina kisa chake. Tanzania inalima nyingi na kwa miaka soko letu kubwa limekuwa India. Agosti 2017 India ikaweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi za kutoka nje, na bei kwa wakulima wetu ikaporomoka. Sikusudii kusema baozi zingewaokoa. Nasema tu kwamba zao tunalolilima kwa maelfu ya tani tunalihesabu kuwa chakula cha kujishikiza mpaka mwisho wa mwezi, kisha tunatafuta pakiti ya kigeni ili tujisikie tumepika kitu cha maana.

Sasa jikoni, na naanza na vya ndani, kwa sababu hapo ndipo baozi inapopatia au kuharibika. Mbaazi kavu zilale kwenye maji usiku, zichemshwe mpaka ziive kabisa, zimwagwe maji. Ikune nazi, kamua tui la kwanza uliweke kando, kisha kamua la pili ulihifadhi kwa ajili ya unga. Kaanga kitunguu maji kwa mafuta kidogo hadi kianze kuwa kahawia, tia kitunguu thomu na tangawizi iliyotwangwa, bizari ya manjano, bizari nyembamba na pilipili mbichi moja au mbili. Ingiza mbaazi, ziponde nusu kwa mwiko na nusu uziache nzima. Mimina tui la kwanza, punguza moto.

Hapa uwe na subira. Mbaazi za kula na andazi tunaziacha na rojo, tuchovye. Za baozi hazitaki rojo hata kidogo. Zipike mpaka tui likauke na mafuta yake yajitokeze pembeni, na mwiko ukipita chini ya sufuria njia ibaki wazi bila kujifunga. Onja chumvi, na iwe imezidi kidogo kuliko unavyopenda, maana mkate utaipunguza. Mwisho tia kotmiri na maji ya ndimu. Kisha ziache zipoe kabisa. Vya ndani vikiwa na umoto vinalainisha unga kabla hujaufunga, na vikiwa na maji vinatoboa chini, mgeni anapewa mkate wenye kitako kibichi.

Wanaosema chakula bila nyama hakina ladha, nadhani wanachokikosa ni mafuta, chumvi na kile kikahawia cha kukaangwa, ambavyo kwa kawaida vinakuja pamoja na nyama. Tui lililokaushwa na kitunguu kilichokaangwa sawasawa vinatosha kuziba pengo hilo.

Unga ni nusu kilo ya ngano nyeupe, hamira kijiko kimoja cha chai, sukari vijiko viwili vya chakula, chumvi nusu kijiko cha chai, na tui la pili la uvuguvugu kama robo lita na kidogo juu yake. (Kuna anayeuliza kama hamira inaruhusiwa kwa asiyekula vya wanyama. Inaruhusiwa. Ni kiumbe hai, lakini ni wa jamii ya uyoga.) Usimimine tui lote kwa pamoja. Unga unatakiwa ushikamane na kuwa mgumu kidogo kuliko wa maandazi, kwa sababu ukiwa laini sana baozi inatambaa kwenye mvuke na kuwa bapa. Kanda dakika kumi, mpaka ukiubonyeza unarudi. Maziwa ambayo watu wanaamini ni lazima, hasa katika mji unaojivunia maziwa yake kama huu, hayana kazi hapa. Tui linalainisha vilevile, na rangi inatoka nyeupe ya pembe badala ya ile ya theluji ya kwenye picha. Mimi naipenda zaidi.

Kuumua ndiko kunakowaponza wanaofuata mapishi ya nchi za baridi. Wanaandika saa moja na nusu. Kwa joto letu la kaskazi, nyuzi 30 na zaidi, saa moja na nusu ni kuuchosha unga hadi unakunjamana ukishaiva. Usitazame saa, tazama unga. Ukikaribia kuwa mara mbili, ukande tena kidogo kutoa hewa, ukate madonge kumi na mawili. Kwenye kusi unaweza kuusubiri zaidi.

Donge lisukume liwe duara, ila katikati pabaki pazito na kingo ziwe nyembamba. Ndiyo siri ya Wachina na ina sababu: kingo zote zinakutana juu zikikunjwa, zikiwa nene kichwa kinakuwa fundo la unga usioiva, na chini panahitaji nguvu ya kubeba. Weka kijiko kimoja kilichojaa mbaazi, shika ukingo kwa gumba na shahada, kunja kidogokidogo ukizungusha, kila mkunjo ulale juu ya mwenzake, mwisho uminye na kusokota. Mtu aliyezoea kufunga sambusa mikono yake itaelewa upesi. Na ukishindwa na mikunjo, ziba tu kama unavyojua na uigeuze kichwa chini. Hakuna atakayekudai.

Chombo cha mianzi si lazima. Sufuria kubwa, maji vidole vitatu, bakuli la bati limefudikizwa ndani, juu yake sahani ya bati iliyotobolewa kwa msumari. Kila baozi ikae juu ya kipande cha jani la mgomba, ambacho hakishiki unga na kinaacha harufu nzuri. Ziache dakika kumi na tano hivi zijiinue tena. Mfuniko ufunge kwa kitambaa cha pamba, ncha uzifunge juu zisiangukie motoni, ili matone ya mvuke yasidondokee mkate na kuutia mabaka. Maji yakishachemka, moto wa wastani, dakika kumi na mbili mpaka kumi na tano, na usifunue kuchungulia. Ukitoa kwenye moto, sogeza mfuniko uache upenyo mdogo na usubiri dakika tatu au nne. Baridi ya ghafla inazifanya zinywee mbele ya macho yako.

Kabichi na karoti zinazoshuka kutoka Lushoto zinafaa vilevile, na hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na ya Wachina. Katakata ndogo, nyunyizia chumvi, acha robo saa, kisha kamua kwa mikono mpaka maji yaishe. Ukipata uyoga ukaange peke yake hadi ukauke. Tangawizi, pilipili manga, soya sosi kidogo kama ipo. Mchicha sikushauri, maji yake hayaishi.

Kuhusu tamu, maharage mekundu madogo wanayopondea Wachina ni ndugu wa karibu wa kunde na choroko zetu, kwa hiyo choroko zilizoiva, zikapondwa na kukaushwa na sukari, nazi ya kukuna na iliki ya Amani hazina haja ya kuomba radhi kwa mtu. Tena sisi na Wachina hatukuanza kujuana leo. Makaburi ya kale ya pwani hii yalipambwa kwa bakuli za kauri, nyingine za kutoka kwao, na ukienda Tongoni, njia ya Pangani, nguzo zake bado zina mashimo zilimokaa. Sahani zilitangulia kufika, chakula kimechelewa tu.

Jambo moja kwa wale walioacha kabisa vya wanyama. Ngano na mbaazi zinasaidiana vizuri kwa protini, kwani ngano ina upungufu wa lisini, mojawapo ya vitu vinavyojenga protini, na mbaazi zina nyingi. Vitamini B12 ni habari nyingine. Mimea haikupi, ya baozi au ya chakula kingine, kwa hiyo iulizie duka la dawa.

Baozi zikibaki, kwa sababu ya tui, zisilale nje kwa joto letu, zitachacha. Kama una friji, zipoe, zifunikwe, na asubuhi uzirudishe kwenye mvuke dakika tano. Au fanya kama wanangu: mafuta kijiko kimoja kwenye kikaango, chini paungue kidogo pawe pakavu, pembeni achari ya embe. Jirani yangu wa soya siku hizi anapenda za namna hiyo, na huja na kibakuli chake.