Mgogoro wa Mipaka Kati ya C na D

Mimi nilitaka nafasi tu, jamani. Laptopu yangu ya mtumba niliinunua Kariakoo ikiwa na diski ya GB 256. Kufika nyumbani, naifungua, nasoma 238. Nikarudi mbio kudai GB zangu 18, muuzaji akanieleza eti kiwandani wanahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024. Kumbe hata huku kila mtu ana mzani wake! Nikanyamaza.

Hizo 238 zimekatwa vyumba viwili: C kapewa 100, zilizobaki za D. C akajaa, mstari wake ukawa mwekundu, kutwa kulalamika. Kwa D kweupe, watoto wanaweza kucheza rede. Nikasema, si mimi baba mwenye nyumba? Nammega D, nampa C.

Nikapunguza D kwa GB 60. Hakubisha. Naenda kwa C, kitufe cha kupanua kimefifia, hakibonyezeki. Kumbe C hapokei ardhi ya popote, anataka ile inayogusa ukuta wake wa kulia, na mimi nilichomega kimeangukia nyuma ya D, huko uani. Tena kati yao kajibanza mpangaji ambaye sijawahi kumsikia, kipatisheni cha ukarabati, kijichumba cha kuitengenezea Windows ikiharibika, hata GB moja hafikishi, lakini hahami ng'o.

Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikapakua programu ya kuhamisha kuta. Ikaniambia weka kwanza nakala ya mafaili yako, nikabonyeza sawa. Ikaniambia hakikisha una umeme wa uhakika, nikabonyeza sawa. Betri yenyewe ilishafariki, laptopu inaishi kwa chaja, ukiichomoa tu imezimika.

Kazi ikaanza. Asilimia 3, nikala. Asilimia 19, nikaoga. Asilimia 71, saa nne usiku, nimekaa mbele yake nimekunja mikono kama mkandarasi, pa! Giza.

"Mama Salma, umeme umekatika mtaa mzima?"

"Kwa jirani unawaka, baba Salma. Ni sisi. Si nilikwambia mchana uniti zimebaki mbili?"

Aliniambia kweli. Nilimjibu "nimesikia" huku nahangaika na ukuta wa D.

Nikanunua uniti za elfu tano kwa simu, nikabonyeza zile namba 20 kwa mwanga wa tochi, mkono unatetemeka, nikakosea mara mbili. Laptopu ikawaka bluu. Skrini nzima bluu, na kijiso kimenuna, na chini yake INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Yaani Windows inatafuta mlango wa nyumba yake yenyewe haiuoni! Inahesabu mpaka mia, inajizima, inawaka, inaninunia tena. Nikazima na kuwasha mpaka kidole kikauma. Nikaipigapiga mgongoni. Usiniulize kwa nini.

Asubuhi nikamwita fundi, kijana wa rika la mwanangu. Swali la kwanza: "Mzee, una bakapu?" Nikakohoa.

Akachomeka flashi yake, akaandika chkdsk, amri ya kukagua diski na kurekebisha makosa yake, akakaa anachezea simu saa mbili nzima. Kisha akaandika upya ile ramani inayoielekeza Windows pa kuanzia. Ikawaka! D alikwenda na maji, lakini C mzima wa afya, na wekundu wake vilevile.

"Kwani mzee, C umemjaza nini?"

Akapanga mafaili kwa ukubwa. Juu kabisa, video ya sendofu ya shemeji yangu, GB 41.

"Hiyo haiko C," nikamweleza kitaalamu. "Hiyo iko kwenye desktopu."

Akaniangalia kwa huruma. "Mzee, desktopu yenyewe iko ndani ya C. Ungeikata tu ukaibandika D, ukaenda kulala."

Nikamhesabia elfu thelathini, noti moja moja, taratibu. Mama Salma alikuwa kasimama mlangoni na chai, kasikia yote. Sikuona hata tabasamu. Akaweka kikombe mezani, akasema:

"Uniti zimebaki tatu."