Sikukuu ya bibi na babu: wajukuu watafika kweli?

Kila ifikapo Oktoba Mosi, Siku ya Wazee Duniani, wazo hili hurudi: kwa nini isiwe sikukuu kamili, ofisi zifungwe, watu waende kuwaona bibi na babu zao? Hapa Mbeya nimelisikia kwenye kikao cha ukoo, nikalisikia tena kwenye kijiwe cha kahawa Mwanjelwa. Naliunga mkono, ila nina sharti moja, na nitalifikia.

Bibi yangu anaishi juu ya Tukuyu, katikati ya migomba. Simu yake huifunga kwenye pindo la kanga. Ukiingia ujumbe, hushuka mpaka barabarani kwa wakala asomewe, maana macho yake hayazioni tena zile herufi. Safari moja nilikuwa naye pale kwenye benchi wakala aliposoma: elfu kumi na tano, kutoka kwa binamu yangu aliyeko Dar es Salaam. Bibi akapokea noti, akazihesabu mara mbili, akazifunga pamoja na simu. Nikamwambia, "Unaona, wanakukumbuka." Akajibu, "Hela naiona, mume wangu. Yeye sijamwona tangu tumzike babu yako."

Wanaopinga sikukuu hii wana hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote ni ya fedha. Wazee wengi wa nyanda hizi walilima maisha yao yote. Walichuma chai Rungwe, wakavuna pareto na mahindi, wakachimba viazi. Hawakuwa na mwajiri wa kuwakatia michango, kwa hiyo leo hawana mafao. Zanzibar ilianza kuwalipa pensheni jamii mwaka 2016 wote waliofikisha miaka 70, wawe waliajiriwa au la. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Mkulima wa Bara mwenye umri huohuo hana pensheni ya aina hiyo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na kuendelea, na ikazungumzia matibabu bila malipo. Niliwahi kumsindikiza bibi kwenye kituo kimoja cha afya. Dirisha la wazee lilikuwepo, watu walimpisha, alipimwa bila kutoa hata senti. Kisha tukaambiwa dawa ya presha imekwisha, tukanunue dukani. Mtu aliyepitia hayo akiuliza sikukuu itamsaidia nini bibi yake, siwezi kumbeza.

Watetezi wa sikukuu hupenda kuitaja Japani, ambako siku ya kuwaheshimu wazee ni sikukuu ya taifa tangu mwaka 1966. Ni mfano mzuri, lakini tuutaje wote. Wajapani walikamilisha mfumo wa pensheni kwa wananchi wote mwaka 1961, miaka mitano kabla ya sikukuu. Fedha ilitangulia. Hata hivyo sioni kwamba sisi tulazimike kusubiri moja ndipo tudai lingine. Siku ya mapumziko haitoki kwenye fungu lile la dawa, na siku ambayo nchi nzima imesimama kwa ajili ya wazee ndiyo siku nzuri ya kuuliza pensheni imefikia wapi.

Ipo hoja ya vibarua pia. Mchuma chai wa Mufindi anayelipwa kwa kilo, saidia fundi, mama lishe: sikukuu ikija, wao ama wanafanya kazi kama kawaida ama wanalala bila kipato. Ni kweli, na ni kweli kwa kila sikukuu tuliyonayo.

Hoja ninayoikataa ni ile inayopendwa kuliko zote, kwamba sisi Waafrika kila siku ni siku ya wazee, hivyo hatuhitaji ya kuandikwa kwenye kalenda. Ilikuwa hivyo mjukuu alipolala chumba kimoja na bibi yake na kuota naye moto jioni ya Juni. Sasa mjukuu yuko Tegeta, Dar es Salaam. Huku kijijini, bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini huamkiwa shikamoo, na akipita hunong'onwa kuwa ni mchawi. Salamu peke yake haijamlinda.

Na tuna deni letu wenyewe, sisi wa mikoa hii. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016–2017 ulikuta maambukizi ya VVU Njombe asilimia 11.4 na Iringa 11.3, zaidi ya mara mbili ya wastani wa taifa. Kabla dawa za kufubaza hazijaenea, mabibi waliwazika watoto wao, wakarudi nyumbani kuanza upya na vichanga. Walishika jembe wakiwa na miaka 65 ili mtu apate sare na daftari. Wengi tunaofanya kazi mjini leo tulilelewa hivyo, au tulisoma dawati moja na waliolelewa hivyo. Siku moja ya kusema hadharani kwamba kazi ile ilifanyika, na nani aliifanya, haiwezi kuitwa anasa.

Sharti langu sasa. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na bado hujafika Tukuyu. Oktoba Mosi ikiangukia Alhamisi, binamu yangu atapanda basi Jumatano usiku, afike Alhamisi mchana, na jioni awe njiani kurudi kazini. Hatakwenda. Atatuma elfu kumi na tano. Sikukuu itakuwa imewapumzisha watu wa mijini, na bibi atashuka tena kwa wakala. Wajapani nao walikuwa na tarehe ya kudumu, Septemba 15, lakini tangu mwaka 2003 waliihamishia Jumatatu ya tatu ya mwezi huo, watu wakapata siku tatu mfululizo. Marekani, baada ya kampeni ya mama mmoja wa West Virginia aitwaye Marian McQuade, Rais Jimmy Carter aliitangaza siku ya bibi na babu mwaka 1978, nayo huangukia Jumapili ya Septemba. Hakuna anayekatwa mshahara. Kwao Jumapili inatosha. Kwetu, kwa umbali huu, Jumapili ni siku ya kukaa ndani ya basi. Tudai Jumatatu.

Shule nazo nisingependa zifungwe tu. Mtoto wa Iringa mjini akibaki nyumbani atakaa mbele ya televisheni. Ijumaa ya kabla ya sikukuu, waalikwe bibi na babu darasani, wakae mbele, wasimulie. Nimekutana na watoto wa Kihehe wasiojua hata kuitikia salamu yao ya "kamwene". Hilo mwalimu hawezi kuwafundisha kama bibi.

Nilimweleza bibi habari hii ya sikukuu nilipokwenda kumwona mara ya mwisho. Hakuuliza serikali itatoa nini. Aliuliza kama itakuwa kabla ya mvua au baada, kwa sababu mvua zikishaanza kile kipande cha njia kutoka lami hadi kwake huteleza, na gari la mgeni haliwezi kupanda.