Pesa za korona za wakulima: majina yatolewe ama yafichwe?

Tarehe 23 Mei 2020 Rais wa Kenya wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitangaza mpango wa shilingi bilioni 53.7 wa kufufua uchumi ulioumizwa na korona, na ndani yake kulikuwa na bilioni 3 za pembejeo kwa wakulima wadogo 200,000 kupitia vocha za kielektroniki, halafu bilioni 1.5 za kusaidia wakuzaji wa maua na mboga waendelee kufikia masoko ya nje. Ukigawanya hizo bilioni 3 ni kama elfu 15 kwa kila mkulima. Idadi tulipewa, majina hayakuwemo, na hapo ndipo maswali yanaanza. Pesa ya umma ikienda kwa mkulima, jirani yake ana haki ya kujua?

Wanaosema hapana wana hoja nzito. Mkulima wa ekari moja si mtu wa tenda. Simu yake ndio benki yake, na orodha ikitoka na namba za simu na vitambulisho, matapeli wa "nimekutumia pesa kimakosa" wataanza kupiga siku hiyohiyo. Anayemdai naye atakuja mlangoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ilikuwepo tangu Novemba 2019 lakini kamishna wa kuisimamia aliapishwa Novemba 2020, miezi sita baada ya tangazo, sasa kama taarifa za mkulima zingevuja katikati hapo angelalamika kwa nani?

Lakini njoo upande wa agroveti, duka la pembejeo ambako vocha inatumika. Chukulia mama amefika kaunta na kitambulisho na simu, mwenye duka anaingiza namba, sistimu inasema vocha imeshatumika. Nani alibeba mbolea? Akiuliza anaambiwa aende kwa afisa wa kilimo wa wadi, afisa anamrudisha kwa chifu, chifu anasema hayo mambo yako Nairobi, na msimu haumngoji mtu. Tangazo lenyewe lilikuja mwisho wa Mei wakati mahindi ya Trans Nzoia yalishapandwa, kwa hivyo DAP, mbolea ya kupandia, haikuwa na kazi tena, alichohitaji ni CAN ya kukuzia, na akikosa hiyo nayo mavuno yameshapungua hata kabla hajapata jibu.

Watu wengi hudhani orodha inatakiwa na waandishi wa habari na wanaharakati. Mimi naona anayeihitaji kwanza ni yule mkulima ambaye jina lake limo na gunia hakuliona. Bila orodha hajui hata kama ameibiwa, na siri inayosemwa ni ya kumlinda yeye inaishia kumlinda karani aliyecheza na majina.

Marekani walilipa wakulima wao pesa za korona moja kwa moja mwaka huohuo 2020, kikomo dola 250,000 kwa mtu mmoja, na sheria yao ya kilimo ya 2008 inaficha ramani na taarifa za shamba lakini jina la aliyelipwa na kiasi havifichwi. Kuwawekea wakulima wetu wadogo hivyo mtandaoni nchi nzima naona ni kupitiliza. Bandika jina, kijiji na idadi ya magunia kwa ofisi ya chifu, isomwe barazani, bila namba ya simu wala kitambulisho. Majirani wanajua nani analima na nani alishahamia mjini, na marehemu wanawajua pia.

Ile bilioni 1.5 ya maua na mboga ni kesi tofauti kabisa. Shida yao ilikuwa ya kweli, Machi 2020 Naivasha maua yalitupwa kwa sababu soko la Ulaya lilianguka, na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Ila kampuni haina jirani wa kuionea wivu wala haipigiwi simu na matapeli. Sakata la ununuzi wa vifaa vya korona lilipolipuka KEMSA, shirika la serikali la kununua dawa na vifaa vya hospitali, Rais mwenyewe aliagiza Agosti 2020 kwamba ndani ya siku 30 Wizara ya Afya itengeneze njia ya kuweka tenda za KEMSA mtandaoni, so njia inajulikana. Jina la kampuni, kiasi ilichopata, na wafanyakazi wangapi ilibaki nao: hayo yawekwe wazi kwanza, kabla hatujaanza kubishana kuhusu gunia la mkulima wa ekari moja.