Pleti Hufuata Chasisi, Haifuati Bodi

Anayejenga gari lake mwenyewe Nairobi huanza na vitu vitamu: bodi ya faibaglasi, rangi, viti, sauti ya ekzosi. Pleti ya namba huja mwisho, siku gari linasukumwa nje ya gereji, na ndipo fundi anapouliza, "Sasa hii tunaifunga wapi?" Swali hilo limechelewa miezi kadhaa. Mahali pa kuifunga pleti, na hata haki yenyewe ya kuifunga, huamuliwa siku unapochagua chasisi, ile fremu ya chini inayobeba gari.

Nasema haki kwa sababu namba ya gari si mali ya bodi. Unaweza kuvua bodi yote ya Volkswagen Beetle, ukaitupa, ukaweka nyingine isiyofanana nayo hata kidogo, na gari likabaki lilelile mradi chasisi ni ileile na maelezo ya logbuku, hati ya usajili wa gari, yamerekebishwa. Lakini ukibandua pleti ya Beetle lililooza ukaifunga kwenye fremu ya mabomba uliyochomelesha Kariobangi, umeunda gari linalotembea na jina la marehemu. Kwa macho ya anayelikagua, halina tofauti na gari la wizi lililobadilishwa namba, naye hana namna ya kujua kwamba nia yako ilikuwa safi.

Uingereza, ambako magari haya yamejengwa kwenye magereji ya nyumbani kwa vizazi, wana mlango wao. Gari lililojengwa na mtu binafsi hupimwa kwa ukaguzi uitwao IVA, ulioanza 2009, kisha mamlaka ya usajili, DVLA, inaamua namba yake. Kwa miaka mingi walitumia alama: chasisi 5, sasipensheni 2, ekseli 2, gia 2, usukani 2, injini 1. Gari lililofanyiwa mageuzi makubwa lilihitaji alama 8 au zaidi ili kubaki na namba yake ya zamani, na 5 kati ya hizo zilikuwa lazima zitoke kwenye chasisi. Tazama injini ilivyopewa 1 tu. Wapenda magari wengi wanadhani moyo wa gari ndio injini, ila kwa usajili moyo ni ile chuma ya chini. Gari lililochanganywa vipande hadi umri wake haujulikani hupewa namba inayoanza na Q.

Q hiyo ndiyo mtego kwa Mkenya anayetaka kununua gari kama hilo Uingereza na kulishusha Mombasa. Kiwango chetu cha ukaguzi wa magari, KS 1515:2000, kinataka gari lililotumika lisizidi umri wa miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na usukani uwe kulia. Usukani si tatizo. Umri ndio kasheshe: namba ya Q ni tangazo rasmi kwamba umri au asili ya gari haikuthibitishika. Ukifika na gari la aina hiyo bandarini, utamwonyesha ofisa umri gani? Usitume hata shilingi kabla ya kupata jibu la maandishi kutoka kwa KEBS, shirika la viwango, na NTSA, mamlaka ya usafiri na usajili wa magari, kuhusu gari hilohilo, kwa namba yake ya chasisi.

Ndiyo maana mradi wenye usalama zaidi hapa Nairobi ni ule unaoanza na gari zee lililokwisha kusajiliwa. Beetle na Land Rover za Series ndizo zinazofaa kwa sababu bodi na chasisi zao hutengana kwa bolti. Kabla ya kulipa, fanya utafutaji wa rekodi za gari kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, halafu linganisha herufi kwa herufi: namba ya chasisi, namba ya injini, rangi, jina la mwenyewe. Magari ya miaka ya sabini mara nyingi bado yamo kwa jina la mzee aliyefariki, na mwanawe anakuuzia kwa mkataba wa karatasi moja ya daftari. Hapo hakuna uhamisho wa umiliki utakaopita mpaka familia ipate hati za usimamizi wa mirathi mahakamani. Bei ya chini hailipi taabu hiyo. Mwambie muuzaji amalize mambo ya mirathi kwanza.

Sasa chasisi yenyewe. Kwenye Beetle, namba imegongwa juu ya handaki la katikati ya sakafu, chini ya kiti cha nyuma. Anayejenga bagi fupi ya umbo la Meyers Manx, gari dogo la wazi la mchangani, hukata sakafu na kuondoa takribani sentimita 36, kisha anaunga vipande viwili. Mahali pa kukata si mbali na namba, na hapa ndipo nimewaona mafundi hodari wakiharibu kazi nzuri. Fundi anashika grainda kusafisha kutu, diski inapita juu ya namba mara mbili, na kina cha herufi kinakwisha. Namba hiyo haisomeki tena milele.

Fanya hivi. Safisha namba kwa brashi ya waya ya mkono na mafuta ya taa kidogo, bila mashine yoyote. Ipige picha ikiwa na rula kando yake. Weka karatasi nyembamba juu yake, sugua kwa penseli, uhifadhi karatasi hiyo pamoja na logbuku. Funika namba kwa tabaka mbili za tepu ya kupakia rangi na kipande cha bati ili cheche za kuchomelea zisiiguse. Ndipo uchore mstari wa kukata. Kazi ikiisha, ipake vanishi isiyo na rangi badala ya rangi nzito ya chasisi inayojaza mashimo ya herufi. Na bodi mpya ikishuka, acha dirisha dogo la kukagulia, sentimita 15 kwa 10 linatosha, lenye kifuniko cha skrubu nne. Bodi nyingi za faibaglasi huifunika namba kabisa, na mkaguzi hatakusubiri uvunje kiti ili aione.

Kama kutu imekwisha kuila, usijaribu kuigonga upya kwa herufi za chuma za Gikomba. Hata ukirudia namba ileile, umbo la herufi zako halitafanana na la kiwanda, na jambo lililokuwa la kutu litageuka la jinai. Peleka gari likaguliwe kabla hujaligusa, ukiwa na logbuku na picha.

Baada ya kujenga, omba mabadiliko ya maelezo ya gari kwa NTSA kupitia eCitizen, kisha upeleke gari kwenye ukaguzi, ambao kwa Nairobi wengi wanaujua kwa jina la Likoni Road, Industrial Area. Rangi, injini, aina ya bodi: chochote kilichobadilika kisemwe. Injini ya kutoka Japani iwe na risiti yenye namba yake. Risiti iliyoandikwa "injini moja" haisaidii. Lipeleke gari likiwa limekamilika, lina madigadi, taa na mikanda, kwa sababu mkaguzi anaangalia gari zima na hawezi kukagua ahadi. Zungumza pia na bima mapema. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima chini ya Sura ya 405 ya sheria za Kenya, na sera iliyoandikwa "saluni" juu ya bagi isiyo na paa ni ugomvi unaosubiri ajali.

Tuje kwenye kufunga pleti. Sheria inataka ziwe mbili, mbele na nyuma, zionekane na zisomeke. Gari la kawaida lina bampa bapa. Gari la umbo la Lotus Seven, lile dogo la wazi la michezo kutoka Uingereza, lina pua ya mviringo yenye tundu moja la kuingiza hewa ya rejeta. Mjenzi asiye na subira hufunga pleti katikati ya tundu hilo. Asubuhi ya Jumapili Kiambu Road hataona kitu. Jumatatu jioni kwenye foleni ya Mombasa Road sindano ya joto inapanda, kwa sababu gari likitambaa hewa inayofika kwenye rejeta ni ile inayovutwa na feni tu, na nusu ya mlango wake imezibwa na kipande cha bati. Mwingine huikunja ifuate mviringo wa pua. Alumini ya pleti inapata nyufa kwenye mashimo, ngozi yake inayong'aa inaanza kubanduka kwenye mkunjo, na usiku tarakimu za pembeni hazirudishi mwanga.

Suluhisho ni breketi. Kata bati la alumini la milimita 3 lenye ukubwa wa pleti, likae chini ya tundu la hewa au kando yake, likishikwa na miguu miwili inayofungwa kwenye chasisi yenyewe, kamwe si kwenye faibaglasi tupu. Pleti ifungwe juu ya bati hilo kwa bolti nne za M6, washa za mpira nyuma yake, na nati zenye nailoni ndani ili mtetemo usizilegeze. Matundu yapite nje ya herufi. Bolti nyeusi iliyopigwa kwenye mguu wa F huifanya isomeke E, na kamera au askari akisoma vibaya, anayepata barua ni mtu mwingine. Hata ada ya kuegesha gari mjini hulipwa kwa namba, kwa hiyo tatizo halingoji mpaka ukutane na polisi.

Nyuma, pima nafasi kabla ya kuomba pleti, uamue kama utachukua ndefu ya mstari mmoja au ya mraba yenye mistari miwili. Kwenye bagi yenye injini nyuma, mraba ndiyo hukaa vizuri. Iweke mbali na bomba la ekzosi, angalau sentimita 15, maana moshi wa moto huikausha ile ngozi mpaka inajikunja kama gome.

Tangu Agosti 2022, kuanzia namba za KDK, Kenya inatoa pleti za kizazi kipya zenye alama za usalama ambazo duka la vibandiko haliwezi kuziiga. Zinatengenezwa gereza la Kamiti. Hata hivyo bado utaona mtu aliyetumia mamilioni kwenye gari lake akipita kwa kijana wa mjini kuchapishiwa pleti ya herufi za mshazari ili ifanane na gari la mbio. Nampinga waziwazi. Pleti ikipotea au ikivunjika, njia ni abstrakti ya polisi, yaani karatasi ya kuonyesha umeripoti, kisha ombi la pleti nyingine. Nazo pleti za KG ni za wafanyabiashara wa magari na magereji kwa kazi yao. Kuazima moja ili upeleke gari lisilosajiliwa Naivasha wikendi ni kosa, na ukimgonga mtu, yeye ndiye atakayelipia uongo huo kwa kukosa wa kumdai.

Upande wa utekelezaji nao una kasoro. Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki za 2016 zinatoza shilingi 10,000 kwa gari lisilo na pleti au lenye pleti isiyofungwa inavyotakiwa. Ni kiasi kilekile cha kuzidisha mwendo kwa kilomita 16 hadi 20 kwa saa, huku kutofunga mkanda kukiwa ni 500. Kwamba mtu asiye na pleti kabisa na mtu ambaye pleti yake imeshushwa chini kidogo ya pua wanalipa sawa, hilo halimfundishi yeyote. Linampa askari mbaya nafasi ya kujadiliana bei kando ya barabara, na linamwambia mwenye gari kwamba kuficha na kukosea ni kitu kimoja. Uingereza wanaweka kikomo cha juu, pauni 1,000, na uzito wa kosa unapimwa chini yake. Sisi tungeanza na onyo la maandishi lenye siku 14 za kurekebisha pale ambapo pleti ni halali na inasomeka, na ukali wote ukaenda kwa pleti bandia, zilizokunjwa kwa makusudi, zilizofunikwa kwa plastiki nyeusi.

Na NTSA iandike njia ya wazi kwa gari moja lililojengwa na mtu mmoja: ukaguzi mara mbili, wa kwanza fremu ikiwa uchi, wa pili gari likiwa tayari, kisha namba yake lenyewe. Nchi iliyojaa mafundi wa jua kali wanaounda trela, mabodi ya matatu na mikokoteni ya injini haipaswi kumlazimisha mjenzi atafute maiti ya Beetle ili apate jina la kuazima.

Mpaka siku hiyo, ukisimamishwa, zima injini, toa mikono ionekane, na useme, "Habari ya kazi, afande. Gari limebadilishwa bodi, karatasi ni hizi." Mpe nakala ya logbuku iliyorekebishwa, cheti cha ukaguzi, bima, na picha ya namba ya chasisi, vyote ndani ya bahasha moja ya plastiki isiyopitisha maji, maana gari halina paa. Mwonyeshe dirisha la kukagulia kabla hajaliuliza. Na kama ni jioni, hakikisha taa ndogo ya pleti ya nyuma inawaka: waya wake wa ardhi hauwezi kufungwa kwenye faibaglasi, haipitishi umeme. Uvute mpaka kwenye chasisi, kwangua rangi, funga kwa bolti, kisha paka grisi juu yake.