Udi hauoshi mkojo wa paka

Paka akikojoa kwenye kochi, nyumba nyingi za pwani hufanya yaleyale: kitambaa chenye Jik kinapitishwa juu, kisha chetezo kinawekwa chini. Jioni sebule inanukia. Mvua ikianza, uvundo uko palepale, na paka anafungiwa nje au anatupwa sokoni. Naona tunamwonea. Mara nyingi tatizo limebaki kwa sababu hatukuufuata mkojo mpaka ulikofika. Udi ni mzuri, tuuchome kwa raha yake. Kazi ya kuosha hauiwezi.

Mkojo wa paka una urea, na bakteria wakiivunja inatoa amonia, ile inayochoma pua. Una pia felinini, kitu chenye salfa ambacho chenyewe hakinuki, ila kinavunjika polepole na kutoa harufu nzito. Madume wasiohasiwa wana felinini nyingi zaidi. Ndiyo maana mkojo wa leo hausumbui kama wa wiki iliyopita, na ndiyo maana masika huamsha madoa ya zamani: chumvi zilizokauka hunyonya unyevu hewani na kuachia harufu upya.

Jik iacheni kabisa hapa. Ikikutana na amonia hutoa gesi ya kloramini, inayowasha macho na kubana kifua, hasa katika chumba kilichofungwa. Dawa za sakafuni zinazogeuka nyeupe zikitiwa maji nazo zina hatari yake: nyingi zina asili ya fenoli, na ini la paka haliwezi kuiondoa sumu hiyo vizuri. Paka anaikanyaga, kisha analamba miguu.

Mkojo ukiwa bado mbichi, una bahati. Chukua taulo chakavu, likunje, likanyage kwa uzito wako wote. Usisugue, kwa kuwa kusugua kunausambaza na kuuzamisha. Badilisha upande mpaka taulo litoke kavu, mwaga robo lita ya maji baridi, kanyaga tena. Maji ya moto hayafai, maana mkojo wa paka una protini, na joto huigandisha kwenye nyuzi.

Kochi ndipo watu wengi hushindwa. Kitambaani doa ni la ukubwa wa kiganja. Fungua zipu, toa sponji, igeuze: chini utakuta duara la ukubwa wa sahani, lenye ukingo wa njano. Paka mzima anaweza kumwaga mililita 50 kwa mkupuo mmoja, na sponji inazishusha zote hadi chini. Dawa ya kunyunyiza juujuu haifiki huko. Kiasi cha dawa lazima kizidi kiasi cha mkojo, na kipite njia ileile.

Mimi naamini mchanganyiko huu kuliko vyote: nusu lita ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, vijiko viwili vya chakula vya baking soda, na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Chupa ikiandikwa asilimia 6, ongeza maji kiasi kilekile. Vaa glavu. Changanya kwenye beseni, tumia papo hapo, na kinachobaki kimwage; ukikitia kwenye chupa na kufunga, hewa inayotoka inaweza kuipasua. Peroksaidi huibadilisha ile salfa isinuke tena, jambo ambalo siki hailiwezi. Siki hutuliza amonia tu, basi.

Loweka sponji hadi ng'ambo ya doa, ngoja nusu saa, suuza kwenye beseni huku ukikamua kwa magoti, kisha isimamishe kwa ubavu penye upepo. Sponji nene huchukua siku mbili kukauka, na ikirudishwa mbichi itaota ukungu, nawe utakuwa na uvundo wa pili. Foronya ya kochi ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, maana peroksaidi inachujua rangi, na mahameli nyekundu huharibika haraka. Kwa kitambaa kama hicho tumia sabuni ya unga yenye vimeng'enya (enzymes, soma pakiti): gramu 100 kwa lita ya maji ya uvuguvugu, ikae na unyevu saa kadhaa, kisha suuza. Sponji iliyokojolewa miezi mingi usihangaike nayo. Fundi makochi atakukatia nyingine kwa kipimo.

Vigae vyenyewe havinywi mkojo, ila saruji ya kwenye viungo vyake inakunywa. Isugue kwa mswaki wa zamani na mchanganyiko uleule. Sakafu ya saruji tupu imwagie maji yale ya vimeng'enya, funika kwa nailoni yasikauke, na ukaushe baada ya siku nzima. Siki usiiweke kwenye saruji, terazo wala marumaru halisi, kwani inakula chokaa. Mkeka wa ukili uliolowa mara nyingi, utupe.

Kama umeosha sakafu na harufu haiondoki, tazama juu. Dume hurushia ukutani akiwa amesimama, mkia umeinuka, hivyo doa liko kwenye pazia, fremu ya mlango au mguu wa kabati. Usiku zima taa, pitisha ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti. Madoa hung'aa kijani-njano. Sabuni nayo hung'aa, kwa hiyo thibitisha kwa pua. Kumhasi dume huyo kutakupunguzia kazi kuliko dawa yoyote, wengi huacha kurushia. Na ukimwona anajikamua, anatoa matone au hatoi kitu, hilo ni suala la daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Njia ya mkojo ikiziba, anakufa.

Usitangaze ushindi siku ya kwanza, kwa kuwa pua iliyokaa ndani imeshazoea. Ngoja siku tatu, pakauke kabisa, kisha weka kitambaa chenye maji ya uvuguvugu juu ya doa kwa dakika kumi. Toka nje kidogo, rudi, ukinuse. Kikinuka, rudia, madoa ya zamani mara nyingi hutaka mara mbili au tatu.